Shika tiba mbili, lakini ya hospitali isikuponyoke

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Methali hii inamhusu sana mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti hapa nchini. Daktari amempa tembe na tarehe ya kurudi kliniki. Shangazi amemletea chupa ya mitishamba kutoka mashambani. Jirani anamhimiza achemshe majani ya mstafeli, na binti yake aliye mjini amemtumia ujumbe wa simu unaodai kwamba ukiacha sukari, saratani hufa kwa njaa. Kila mmoja wao anampenda, na kila mmoja anamvuta upande wake.

Mpenzi msomaji, huenda mwanamke huyo ni wewe, au ni mama yako, dada yako ama mkeo. Sikusudii kukukataza yote uliyoshauriwa na jamaa zako. Nia yangu ni kueleza ni kipi kinachoweza kuandamana na dawa ya hospitali, ni kipi kinachogombana nayo, na kwa nini usikubali hata siku moja dawa hiyo ndiyo ikuponyoke.

Maradhi haya si ya watu wachache. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 pekee wanawake 6,799 walipatikana na saratani ya matiti nchini Kenya, na wengine 3,107 wakafa kutokana nayo.

Safari ndefu

Watu wengi hudhani kwamba matibabu yamekwisha siku dripu ya mwisho ya kemotherapi inapotolewa na nywele zikaanza kuota upya. Sivyo. Saratani nyingi za matiti hukua kwa kuchochewa na homoni ya estrojeni. Mwenye saratani ya aina hiyo hupewa tembe, kwa mfano tamoksifeni, ameze kila siku kwa miaka 5, na wengine kwa miaka 10. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba miaka 5 ya tembe hizo hupunguza vifo vya saratani hii kwa takriban thuluthi moja katika miaka 15 ya kwanza.

Walakini tembe hizo zina usumbufu wake. Huleta joto la ghafla mwilini na jasho la usiku, nazo hedhi huvurugika. Mama akishaugua namna hiyo mwaka mzima, huku hauoni tena uvimbe wowote, ni rahisi kujiuliza anameza dawa ya nini. Hapo ndipo chupa ya shangazi huanza kuonekana kama njia ya mkato.

Kinachoponyoka

Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha uchunguzi ambao kila familia yenye mgonjwa inafaa kuujua. Waliwalinganisha wagonjwa 258 waliochanganya tiba ya hospitali na tiba nyingine za ziada, na wagonjwa 1,032 waliotumia tiba ya hospitali tu. Wengi walikuwa na saratani ya matiti. Waliochanganya walikuwa na hatari maradufu ya kufa.

Je, waliuawa na mitishamba? La. Watafiti waligundua kwamba wengi wa waliochanganya walikuwa wamekataa sehemu ya matibabu ya hospitali. Asilimia 34 walikataa kemotherapi, ilhali katika kundi la pili ni asilimia 3 tu. Zaidi ya nusu walikataa mionzi, na thuluthi moja wakakataa dawa za homoni. Walishika mbili, na iliyowaponyoka ikawa ile yenye uwezo wa kuwaokoa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini ili wapelekwe huko, na wengine walifia njiani au kwenye foleni. Kikombe kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania tu. Hasara kubwa ilikuwa ni siku ambazo mgonjwa alikaa bila dawa.

Na siku si kitu pekee kinachoponyoka. Nauli nayo huponyoka. Familia ikinunua mikebe ya unga wa mitishamba kwa maelfu ya shilingi, kisha ikakosa pesa za matatu ya kumfikisha mgonjwa kliniki, hapo imekwisha kuchagua, hata kama haikukusudia.

Mitishamba na tembe

Nisieleweke kwamba naidharau miti. Paklitakseli, mojawapo ya dawa za kemotherapi zinazotumiwa sana kutibu saratani ya matiti, ilipatikana kwanza katika gome la mti unaomea magharibi mwa Marekani. Tofauti ni kwamba kiini chake kilitafutwa kikapatikana, kikapimwa, na madhara yake yakajulikana kabla ya mgonjwa kudungwa. Chupa ya shangazi haijapitia hayo. Hakuna anayejua mna nini ndani, wala kijiko kimoja kina nguvu kiasi gani.

Chukua mfano wa manjano, kiungo kilichomo karibu katika kila jikoni. Mwaka wa 2019 watafiti wa Uholanzi waliwapa wanawake wanaomeza tamoksifeni vidonge vya kiini cha manjano, mara wakiongeza kiini cha pilipili manga. Kiwango cha dawa ya saratani katika damu yao kilishuka, na kilishuka zaidi manjano yalipoandamana na pilipili manga. Usiogope mchuzi wako wala pilau ya harusi, kwa maana kiasi kinachotiwa chunguni ni kidogo mno kikilinganishwa na vidonge hivyo. Lakini unga wa manjano unaolambwa kwa vijiko kila asubuhi, au vidonge vyake vya dukani, ni jambo la kumuuliza daktari kwanza.

Stafeli nalo linasifiwa mno. Tunda lenyewe ni chakula kizuri. Walakini hakuna ushahidi kwamba majani yake huponya saratani kwa binadamu, na katika kisiwa cha Guadeloupe madaktari waliohusisha mmea huo na maradhi ya kutetemeka yanayofanana na Parkinson walitoa onyo lao tangu mwaka wa 1999. Vilevile, wakati wa kemotherapi chembechembe nyeupe za damu hupungua, na kinywaji kisichochemshwa vizuri kinaweza kumwingizia mgonjwa vijidudu ambavyo mwili wake hauwezi kuvishinda. Joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati huo, mkimbize hospitalini usiku huohuo, wala usingoje kupambazuke.

Tangawizi ina sifa afadhali. Katika uchunguzi wa wagonjwa 576 uliochapishwa mwaka wa 2012, kiasi kidogo cha tangawizi, pamoja na dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika, kilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza ya kemotherapi. Angalia maneno hayo: pamoja na dawa ya hospitali. Hivyo ndivyo tiba ya ziada inavyopasa kufanya kazi.

Asiyeuliza na asiyesema

Hapa nina neno kwa madaktari na wauguzi wetu. Mgonjwa huficha mitishamba kwa sababu anaogopa kukaripiwa mbele ya foleni. Akikaripiwa mara moja, haachi chupa; anaacha kusema, na pengine anaacha kuja. Swali liulizwe kwa upole kila anapofika: "Mama, ni nini kingine unachotumia nyumbani?" Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inaitambua tiba ya kiasili na kutaka pawe na utaratibu wa waganga kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Utaratibu huo hautakuwa na maana ikiwa daktari na mgonjwa wenyewe hawazungumzi.

Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa. Ibebe chupa yenyewe uende nayo kliniki, pamoja na mikebe na vidonge vyote, uviweke mezani.

Mazoezi

Katika jamii zetu mgonjwa wa saratani hutendewa mojawapo ya mambo mawili. Ama anafungiwa chumbani asiguse hata kikombe, au anaachiwa ndoo za maji na mzigo wa kuni kama kwamba hakupasuliwa. Yote mawili ni makosa.

Zamani hata madaktari waliwakataza wanawake waliotolewa tezi za kwapani wasitumie mkono wa upande huo kwa nguvu, wakihofia utavimba. Mwaka wa 1996 daktari mmoja wa Vancouver, Kanada, aitwaye Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti akawafunza kupiga makasia. Mikono yao haikudhurika. Mwaka wa 2009 uchunguzi mwingine wa wanawake 141 wenye mikono iliyovimba ulithibitisha kwamba kunyanyua uzani mdogomdogo na kuuongeza polepole hakuzidishi uvimbe. Siri imo katika neno polepole. Mtungi wa lita 20 unaobebwa ghafla na mtu aliyelala miezi miwili si mazoezi.

Kuhusu uchovu, ambao wagonjwa wengi huulalamikia kuliko maumivu, kutembea kunasaidia kuliko kulala mchana kutwa. Mwongozo wa wataalamu wa kimataifa wa mwaka wa 2019 unapendekeza dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki. Anza na dakika 10 hadi lango la shule na kurudi. Baada ya upasuaji, mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe namna ya kuunyosha mkono, kama vile kupandisha vidole ukutani au kuchana nywele. Mwenye saratani iliyofika mifupani, mwenye homa au aliyepungukiwa damu sharti aulize kwanza. Na ukitaka kukandwa, mwambie mkandaji asiukande kwa nguvu mkono wa upande uliopasuliwa.

Muziki

Huenda utashangaa kuusikia muziki ukitajwa pamoja na dawa. Wimbo hauui chembe hata moja ya saratani, na anayekwambia unaua anakudanganya. Lakini mgonjwa si uvimbe tu. Ni mtu anayelala akihesabu saa, akiogopa sindano ya kesho. Mwaka wa 2021 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti 81 kuhusu muziki na wagonjwa wa saratani, wakaona kwamba kwa watu wazima muziki huweza kupunguza wasiwasi, maumivu na uchovu.

Hii ndiyo tiba ya ziada isiyogombana na tembe yoyote, wala haili nauli. Kama ni taarab ya Mombasa, kama ni benga, kama ni kwaya ya kanisani kwako, chagua mwenyewe, maana muziki uliochaguliwa na mwingine unaweza kuwa kero. Beba visikizio vya masikioni siku ya dripu ili usimsumbue wa kitanda cha pili. Na kama ulikuwa mwanakwaya, rudi kwenye mazoezi ya kwaya hata ukikaa kitini. Waimbaji wenzako watagundua mapema kuliko jamaa zako ukianza kukosa.

Basi, ndugu msomaji, panga hivi. Tembe na tarehe za kliniki ziwe za kwanza, na nauli yake itengwe kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mwendo na muziki viwe vya kila wiki. Mitishamba ingoje jibu la daktari. Na ikiwa tembe zinakutesa, mwambie hivyo waziwazi, kwa sababu usumbufu mwingi una nafuu yake na mara nyingine dawa hubadilishwa. Mwenye kumuuguza naye asimwachie mgonjwa peke yake kazi ya kukumbuka. Mwulize leo jioni, kwa upole: umeshameza tembe yako?