Ziwa Kivu: sauti za wazee zinabaki kwa nani?

Vijana wanaojitolea kurekodi masimulizi ya wazee kandokando ya Ziwa Kivu wana haki ya kupongezwa. Lakini sauti hizo zikisha kurekodiwa, zinabaki kwa nani?

Tuangalie kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1970 Mmarekani David Newbury alikusanya huko masimulizi ya koo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1991, kwa Kiingereza. Mkaaji wa Idjwi anayetaka kukisoma ajue kwanza lugha ya kigeni. Simu inaweza kuziba pengo hilo, mradi isiibiwe wala kuanguka majini.

Hatari kubwa iko kwingine. Masimulizi ya ukoo husema pia nani alifika wa kwanza na nani alimpa nani shamba. Idjwi ardhi ni haba, na Wambuti wamebaki karibu bila kitu. Anayerekodi Wahavu peke yao anatayarisha ushahidi wa kesi.

Na nyimbo za wavuvi wa sambaza? Si za kale: samaki huyo aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zirekodiwe hata hivyo, maana waliomvua wa kwanza wanazidi kuisha.