Sifa Moja Haiwatoshi Wamisri

Mwambie mtoto wa shule katika Pumwani, Kaloleni au Buruburu atunge sentensi tano juu ya Wamisri wa kale kwa kutumia maneno ya sifa. Huenda ukasoma kwamba Wamisri walikuwa "watu kubwa", na Firauni alikuwa "mbaya". Sisi wa pwani hucheka, tukasema Kiswahili cha Nairobi hakina ngeli. Lakini kosa la ngeli ni dogo. Kosa kubwa ni kutosheka na sifa moja.

Ngeli hufundishika. Sifa za Kibantu hulifuata jina: mtu mkubwa, watu wakubwa, kitu kikubwa. Zile zilizotoka Kiarabu, kama karimu na dhalimu, hazibadiliki: mfalme dhalimu, wafalme dhalimu. Na pale neno la sifa lisipopatikana, lugha yatupa njia nyingine: mashua ya mafunjo, mke mwenye imani.

Kuchagua sifa ya haki ndiko kugumu. Piramidi la Khufu pale Giza, lililojengwa yapata miaka 4,500 iliyopita, lilikuwa na kimo cha mita 146 hivi. Kuliita kubwa si uongo. Je, waliolijenga? Kwa muda mrefu watu waliwaita watumwa tu. Tangu mwaka 1990 yamechimbuliwa makaburi ya wajenzi hao karibu na piramidi, na mifupa yao yaonyesha kwamba waliovunjika viungo walitibiwa wakapona. Hapo mwandishi ahitaji sifa nyingine: stadi, wavumilivu, wenye kutunzana.

Na msomaji Mwislamu naye asijione amesalimika. Wengi wetu tukisikia Misri ya kale humkumbuka Firauni, tukawapaka wote rangi yake. Ilhali Kurani yamtaja mkewe Firauni, tunayemwita Bibi Asiya, kuwa mfano kwa waumini. Yamtaja pia mtu wa jamaa za Firauni aliyeificha imani yake, na wachawi walioamini mbele ya macho ya mfalme. Nchi ni moja, zama ni zile zile, lakini sifa zao ni mbalimbali.

Jambo hili halikomei Misri. Kijana wa Eastlands huitwa mhuni kabla hajafungua kinywa. Mpwani naye huitwa mvivu na watu wasiopata kumwona akivuta nyavu alfajiri. Mtoto aliyezoezwa darasani kwamba taifa zima latoshwa na neno moja, atalifanya hilo hilo mtaani kwa jirani yake.

Husemwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo yafaa tengani, haifai kwa umma wa watu. Basi walimu wa Eastlands, na wa kwetu pwani pia, wakisharekebisha "watu kubwa" ikawa "watu wakubwa", wasiishie hapo. Wamwulize mtoto: ni Mmisri yupi huyo, na alitenda nini hata akastahili sifa hiyo?