Haki ya Nani? Neno juu ya Woodrow Wilson

Vitabu vingi vya historia humsifu Woodrow Wilson, Rais wa Marekani tangu 1913 hadi 1921, kuwa mtetezi wa haki ya mataifa kujiamulia mambo yao. Sifa hiyo yapasa ipimwe kwa matendo, kwani ulimi hauna mfupa.

Mwaka 1913, idara za serikali yake, zikiwamo Hazina na Posta, zilianza kuwatenga watumishi weusi: meza zao mbali, vyoo vyao mbali, mahali pao pa kulia mbali. Mwaka 1914 William Monroe Trotter, Mmarekani mweusi, alikwenda Ikulu kulalamika. Wilson alichukizwa, akayakatiza mazungumzo. Mwaka 1915 majeshi yake yaliivamia Haiti, yasiondoke hadi 1934.

Mwaka 1919, mjini Paris, Wajapani waliomba usawa wa watu wa rangi zote utajwe katika mkataba wa Shirikisho la Mataifa. Wajumbe 11 kati ya 17 waliafiki. Wilson, mwenyekiti wao, alilitupa ombi kwa hoja kwamba sharti wote wakubali. Nasi Watanganyika hatukuulizwa: tulitolewa mkononi mwa Mjerumani, tukatiwa mkononi mwa Mwingereza, kwa jina la udhamini.

Watetezi wake husema alikuwa mtu wa zama zake. Trotter naye alikuwa mtu wa zama zizo hizo, na uovu aliuona.

Basi, mwalimu, ufundishapo hotuba zake, fundisha na matendo yake. Vijana wazoee kumwuliza kila atangazaye haki: haki ya nani?