Jiwe jekundu liingie darasani

Jiwe la hematiti huokotwa likiwa jeusi au la kijivu, zito kupita ukubwa wake, na wapita njia hulipiga teke bila kujua walichokigusa. Likiburuzwa mgongoni mwa kigae cha sakafu, upande ule usiong'arishwa, huacha mstari wa damu ya mzee. Wanajiolojia hulitambua kwa mstari huo. Mchoraji naye angelitambua kwa mstari huo huo, maana unga ule mwekundu ni oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma ndiyo iliyochora twiga, tembo na pofu katika miamba ya Kondoa, katikati ya Tanzania.

Leo shule nyingi za umma zilizojengwa juu ya udongo mwekundu huahirisha kipindi cha uchoraji kwa sababu rangi hazijanunuliwa. Penseli ikiwapo, watoto huchora mlima wa kijivu, ng'ombe wa kijivu na jua la kijivu. Hali hiyo haina sababu ya kuendelea. Kutengeneza rangi kwa mawe ya kuokota kunastahili kuwa somo kamili katika shule za msingi za Tanzania, Kenya na jirani zao, lenye ratiba yake na miiko yake, kwa kuwa yapo pia mawe yanayoua.

Ushahidi uko Kondoa. Miteremko ya Kolo, Pahi na Kisese ina mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, na UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikwenda huko mwaka 1951 kunakili michoro kwa mkono, mwamba baada ya mwamba, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1983. Anayefika Kolo huona upesi kwamba nyekundu ndiyo iliyotamalaki: watu warefu wembamba, wengine na mapambo makubwa kichwani, na wanyama wa porini waliochorwa na mtu aliyewajua vizuri. Sababu ya nyekundu kudumu iko kwenye chuma chenyewe. Chuma kilichokwisha kushika kutu hakina tena cha kunyang'anywa na jua wala hewa. Rangi za maua na majani hupauka upesi, kutu hubaki.

Ujuzi wa kutengeneza rangi kwa mawe ni mkongwe kuliko michoro ya Kondoa. Olorgesailie, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, watafiti walifukua vipande vya mawe ya rangi, vyeusi na vyekundu, vya miaka takriban 300,000 iliyopita, vingine vikiwa na alama za kukwanguliwa na kutobolewa. Taarifa yao ilitoka mwaka 2018. Pangoni Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe mawili ya konokono wa baharini yaliyotumiwa kama vyombo vya kuchanganyia rangi: unga wa jiwe jekundu, mifupa iliyopondwa na mkaa, pamoja na mawe ya kusagia. Umri wake ni miaka 100,000. Huo ni mseto uliopimwa na kukorogwa na mtu aliyejua anachokitaka, na uliandaliwa katika bara hili kabla ya rangi ya kopo kuwazwa popote.

Kazi yenyewe haihitaji karakana. Jiwe hufungwa ndani ya kitambaa kizito, likapondwa kwa nyundo mpaka liwe changarawe. Changarawe hutiwa kinuni pamoja na maji kidogo, ikatwangwa ikiwa mbichi hivyo hivyo ili vumbi lisipae. Tope hilo humiminwa kwenye ndoo ya maji na kukorogwa. Hapo mwalimu awazuie wanafunzi wasiguse chochote, wahesabu tu polepole. Mchanga mzito huzama kwanza. Maji yaliyobaki juu yakiwa mekundu humwagwa taratibu katika ndoo ya pili, kwa mkono uliotulia, na mchanga wa chini hutupwa. Ndoo ya pili huachwa usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa maangavu na chini umelala utandu laini mno, kama wanga wa muhogo uliotuama. Maji humwagwa, utandu huanikwa kwenye sahani, na unaokauka ndio rangi. Ukisuguliwa kati ya vidole haukwaruzi hata kidogo. Ukikwaruza, kazi hurudiwa.

Anayetaka kuwaonyesha watoto kemia bila kuwaandikia fomula ubaoni achukue udongo wa manjano, aina ya okra, auweke kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa. Manjano ile hutokana na chuma kilichofungamana na maji. Moto ukikolea, maji hufukuzwa na unga hugeuka mbele ya macho yao: manjano inakuwa ya chungwa, chungwa inakuwa ya matofali, matofali inaiva kuwa nyekundu. Kwa hiyo udongo mmoja hutoa rangi tatu au nne, kulingana na muda uliokaa motoni. Wachoraji wa Italia waliuchoma udongo wa Siena kwa njia hiyo hiyo kwa karne nyingi, na dunia nzima ikalinunua jina la mji huo pamoja na rangi.

Unga peke yake haushiki karatasi. Rangi ya maji huhitaji gundi, na gundi bora ni ile ya mgunga, inayovunwa Turkana, Samburu na Isiolo. Huloweshwa katika maji ya vuguvugu mpaka iyeyuke, ikachujwa kwa kitambaa. Asali kidogo huongezwa ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Vitu hivi vitatu vimo katika mapishi ya zamani ya rangi za maji za Ulaya. Gundi ya kaskazini mwa Kenya, asali ya Tabora, mafuta ya karafuu yanayokenekwa Pemba: eneo letu lina kila kitu kinachotakiwa na kisanduku cha rangi, kisha tunaagiza kisanduku.

Si kila jiwe linafaa, na hilo nalo ni somo zuri. Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano karibu na ziwa Natron, hutapika lava nyeusi ambayo hugeuka nyeupe baada ya kupigwa na unyevu wa hewa. Mchoraji mgeni angeikimbilia kwa kutafuta nyeupe safi. Lakini madini ya lava hiyo, likiwamo nyerereiti lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, huyeyuka majini, na rangi isiyotulia ndani ya maji haiwezi kuoshwa wala kuchujwa. Nyeupe ya kuaminika iko kwenye kaolini ya vilima vya Pugu, Kisarawe, na kwenye chokaa iliyochomwa katika tanuu za pwani. Chokaa hiyo hata hivyo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo watoto wapewe kaolini.

Wapo watakaosema rangi za mawe ni chache na zimefifia. Ni kweli hazina zambarau wala waridi ya kuwaka, na buluu ya jiwe imekuwa adimu tangu zamani. Ulaya iliitoa katika machimbo ya Badakhshan, Afghanistan, na kuilipia fedha nyingi sana. Ila mtu atazame mandhari anayotaka kuichora. Kichuguu, gome la mbuyu, nyasi za kiangazi, mgongo wa ng'ombe, ukuta wa udongo jua linapozama: vyote vimo ndani ya nyekundu, manjano, kahawia, nyeupe na nyeusi. Tembo wa Tsavo huonekana wekundu kwa sababu hujipaka udongo wa Tsavo. Mwanafunzi wa Voi anaweza kumchora tembo huyo kwa udongo wa kando ya barabara ulio sawa na ule ulioganda mgongoni mwake, akiuchukua nje ya mipaka ya hifadhi, na hakuna kopo dukani linaloweza kumpa rangi iliyo karibu zaidi na mnyama.

Hata buluu ina njia yake. Mkaa uliosagwa laini ukichanganywa na nyeupe hutoa kijivu baridi, na kijivu hicho kikiwekwa kando ya nyekundu ya udongo, jicho hukisoma kama samawati. Mtoto akiona anga lake limekuwa la samawati bila samawati yoyote, amejifunza mengi zaidi kuhusu rangi kuliko aliyepewa kalamu 24.

Wanaofanya kazi hii kwa dhati wapo. Mjerumani Ulrike Arnold amekuwa akichora kwa udongo na mawe tangu mwaka 1980, akitandika turubai lake pale pale yalipookotwa, jangwani au bondeni, mahali penyewe pakawa picha. Nchini Marekani, mchoraji John Sabraw na mhandisi Guy Riefler wa Chuo Kikuu cha Ohio waliangalia vijito vilivyogeuka vya chungwa kwa maji yanayotiririka kutoka migodi ya makaa iliyotelekezwa. Wakabuni njia ya kukamata chuma kilichomo majini, kukikausha na kukifanya rangi ya kuchorea, na rangi hiyo sasa huuzwa madukani. Uchafu unatoka mtoni, unaingia kwenye picha. Nchi zenye migodi mingi kama zetu zingepaswa kutuma wahandisi wao kwenda kuutazama mradi huo.

Karibu zaidi na nyumbani, wanawake wa Nyakarambi, mashariki mwa Rwanda, hutengeneza imigongo: samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikafinyangwa kuwa matuta kwenye ubao na kupakwa nyeupe ya kaolini, nyekundu ya udongo na nyeusi. Sanaa hiyo ilikaribia kupotea baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wanawake waliirudisha, na leo huuzwa kwa wageni na kutundikwa katika hoteli za Kigali. Hawakuhitaji bidhaa ya kuagizwa ili kazi yao iheshimiwe.

Edward Saidi Tingatinga naye, mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam, alichora kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei aliyoimudu. Wanaomwiga leo kwa kung'ang'ania kopo lile lile wamechukua chombo chake na kuiacha busara yake.

Sasa miiko. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani, mengine kwa mashine za unga. Kwa hiyo jiwe la mgodini lisiingie shuleni kabisa, liwe la dhahabu, la shaba au la kitu kingine. Jiwe la kijani kikali, kama malakiti ya Kolwezi, huenda likawa la shaba, liachwe. Jiwe zito lenye vipande vya kung'aa vya mraba huenda ni galena, ambayo ni madini ya risasi, liachwe. Jiwe lenye nyuzi huenda ni asbesto, lisiguswe. Watoto watumie udongo mwekundu, wa manjano na wa kahawia, kaolini na mkaa, vyote vikisagwa vikiwa na maji, na kinu kilichotumika kamwe kisirudi jikoni. Wala mtu asikwangue mwamba wenye michoro au kuchukua jiwe hifadhini. Kolo imekwisha kuumizwa vya kutosha na wachimbaji wanaotafuta hazina inayosemekana kufichwa na Wajerumani, pamoja na wageni waliomwagia michoro maji ili ipigwe picha vizuri.

Taasisi ya Elimu Tanzania na wenzao wa KICD, taasisi ya mitaala nchini Kenya, wana mitaala mipya mikononi, inayomtaka mwanafunzi atende, na inayomhimiza mwalimu atumie vifaa vya mazingira yake. Waandike kiongozi cha mwalimu cha kurasa chache kuhusu rangi za mawe, kijaribiwe kwanza katika vyuo vya ualimu, na katika kila wilaya mtaalamu wa madini aoneshe ni udongo upi ulio salama. Gharama yake ni ndoo mbili, kinu, kitambaa na gundi. Gundi ikikosekana, kiini cha yai hufanya kazi hiyo. Onyo la risasi lichapwe ukurasa wa kwanza, kabla ya picha ya jiwe lolote.