Kochi bomba, ngazi je?

Wiki hii tunapanda ghorofani. Wale mliobahatika kupanga kwenye zile nyumba za zamani za katikati ya mji wa Mwanza, duka chini watu juu, sogeeni hapa, maana naona wauza masofa wanawafanya mradi.

Reli ilipofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928 mji ulichangamka, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka wakaishi juu yake. Walijua kujenga, tusidanganyane. Dari liko juu, sakafu ni simenti nyekundu inayong'aa ukiipiga dawa, madirisha ya mbao ukiyafungua upepo wa ziwa unakukuta kitini. Raha tupu. Tatizo ni ngazi. Nyembamba, halafu katikati ina kona.

Mdogo wangu na mumewe walipata sehemu kwenye nyumba ya namna hiyo. Shemeji akakusanya akiba ya miezi kumi, akaenda kuchukua sofa la L, rangi ya maziwa, mikono minene kama mapaja ya mcheza mieleka. Dukani lilikuwa bomba. Lilipofika kwenye kona ya ngazi likagoma. Mbele haliendi, nyuma halirudi, na jirani wa juu anataka kushuka awahi kazini. Wabebaji wakashauri fremu ya mlango ing'olewe. Ing'olewe na nani? Nyumba nyingi za aina hii serikali ilizitaifisha mwaka 1971, zikawa za Msajili wa Majumba, na tangu 1990 ziko Shirika la Nyumba la Taifa. Wewe ni mpangaji tu, acha ujasiri. Mwisho sofa likapandishwa kwa kamba kupitia roshani, mtaa mzima umesimama chini kama kwenye sinema ya bure.

Likaingia, sebule ikafa. Mgongo wake uliziba nusu ya dirisha, sakafu nzuri yote haionekani, na jua la jioni linalotoka upande wa ziwa likaanza kulibabua rangi. Lakini hayo yangevumilika. Kasheshe lilikuja na mama mkwe.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wageni wa Sengerema hawana tena kisingizio cha kivuko. Mama akaja. Akakaribishwa kwenye sofa, akakaa, akazama. Magoti yakapanda karibu na kifua. Alipotaka kuinuka ikashindikana, na mtoto wake yuko kazini, yupo mkwe peke yake. Mnajua huku kwetu mkwe ni nani. Humvuti mkono kama unatoa gunia kwenye mtumbwi. Mdogo wangu akamwinua hivyo hivyo kwa aibu, wote wawili wanatazama pembeni. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, niletee kigoda." Siku nne alizokaa, alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Mdogo wangu alinipigia simu analia, anadhani mkwe kamsusa. Na mama alikuwa arudi mwezi unaofuata kukaa kwa muda mrefu, maana magoti yameanza kutibiwa Bugando.

Ndipo nikaitwa. Kwa anayedhani kiti ni kiti tu, nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, uone jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Wazee walikuwa wanajua kumkalisha mtu.

Nilimpeleka shemeji kwa fundi wangu Nyakato na vipimo vitatu kwenye karatasi: upana wa mlango, upana wa ngazi, na nafasi iliyopo pale kwenye kona, toka ukutani mpaka ukutani na toka kwenye ngazi kwenda juu. Hicho cha tatu ndicho kila mtu anakisahau. (Halafu milango hii mingi ni ya bawa mbili, moja imefungwa kwa komeo miaka nenda rudi. Ifungue kwanza kabla hujalaumu mlango.)

Tulichoagiza ni yale makochi ya mbao mnayoyacheka kwa babu zenu: mkono bapa wa kuwekea kikombe, mgongo wa fito, miguu mirefu, mito ya kutoa. Enzi za Mwingereza nyumba za watumishi wa serikali zilijaa makochi ya jamii hiyo, na yanakaa vizuri mno chini ya dari refu. Mgongo ni mfupi, hauzibi dirisha. Unafagia chini yake. Wadudu wa ziwa wakivamia taa usiku, asubuhi unakung'uta mito roshanini basi. Na ukimwambia fundi mapema, anayafunga kwa boliti, yanapanda ngazi vipande vipande.

Mbao, ukiweza, mninga. Mfuko ukikataa, paina wa Buhindi si haba, ila uwe umekauka sawasawa, la sivyo mbao zikisinyaa viungo vinaanza kucheza. Na kama unataka la kuvalishwa kitambaa kote, mwambie fundi asivalishe mpaka uje uone mifupa. Chini ya velveti huwa kuna usanii mwingi: mbao za maboksi, misumari mitupu, hakuna ulimi hata mmoja.

Kwenye kukaa ndiko tulikobishana. Shemeji alitaka sponji laini. Nikamwambia kaa, kunja mikono kifuani, simama. Akishindwa yeye kijana, mama yake ataweza? Tukachukua sponji ngumu, na kiti kikawa na kimo cha sentimita 45 hivi kutoka chini. Ukitaka kulala, kitanda kiko chumbani.

Seti imepanda kwa safari mbili, bila kamba na bila watazamaji. Mama sasa ana kochi lake pale dirishani. Anashika mikono ya mbao, anainuka mwenyewe, anakwenda roshani kutazama watu, anarudi. Vitambaa vyeupe vya kufuma kavileta yeye kutoka Sengerema. Mdogo wangu hakuvitaka, ila kavitandika.

Sofa la L lipo kwa jirani wa duka la chini, linatafuta mteja mwenye nyumba isiyo na ngazi. Bei maelewano. Wiki ijayo tunahamia kwenye mapazia.