Mnyoeni Mbwa, Kidonda Kionekane

Mbwa akiraruliwa na mbwa mwenzake, daktari wa mifugo huanza kwa kuwasha mashine ya kunyolea, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mwenye mbwa amekuja kutafuta sindano na dawa. Hakutarajia kurudi nyumbani na mnyama mwenye ubavu mtupu. Wapo wanaomsihi daktari anyoe kidogo tu. Wapo pia wanaoamua kumtibu mbwa uani, kwa majivu au oili chafu ya gari, ili manyoya yasiguswe. Sisi tunasema manyoya yanyolewe, na yanyolewe kwa upana.

Sababu iko chini ya ngozi. Ngozi ya mbwa imelegea. Ukiishika kwa vidole na kuivuta, inafuata. Mbwa anayeuma huzamisha meno kisha hutikisa kichwa, na ngozi ya aliyeumwa huyumba pamoja na meno huku nyama ya ndani ikichanika. Nje hubaki vitundu viwili vitatu ambavyo mtu anaweza kuvipuuza. Ndani kuna mfuko mzima wa damu iliyovilia, nywele, udongo na mate. Manyoya yakivifunika vitundu hivyo, ngozi huziba juu na usaha hukusanyika chini. Siku chache baadaye mbwa ana homa, hali chakula, ananuka. Na nzi hawasubiri: mayai yao huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu yakaanza kula chini ya manyoya ambayo mwenyewe aliyaonea huruma.

Kunyoa nako kuna namna yake. Daktari anayeijua kazi hujaza kidonda kwanza kwa jeli safi inayoyeyuka katika maji, ili nywele zinazokatwa zinase humo badala ya kuzama kwenye nyama. Ndipo anyoe, kisha aoshe kwa maji mengi ya dripu. Hatumii wembe, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu hujificha. Mkasi nao ni hatari, hasa mikononi mwa mtu wa nyumbani: mbwa akistuka, kilichokatwa ni ngozi. Hata mashine ikipata moto huunguza, na mbwa akaanza kulamba mahali hapo bila kukoma. Ile kola ya plastiki inayomkera shingoni ina kazi yake. Msimvue kwa kumhurumia.

Sasa tuje kwenye manyoya yenyewe. Nywele nyingi za kichwani mwa binadamu ziko katika kukua wakati wowote ule. Kwa mbwa wengi ni kinyume: nywele zao nyingi zimekwisha kufikia urefu wake na zimetulia kwenye vinyweleo, zikingoja kupukutika. Ukizinyoa zikiwa katika pumziko hilo, kinyweleo hakina habari kwamba kuna kilichokatwa, na kitaanza kuotesha nywele mpya zamu yake itakapofika. Mbwa wa manyoya mafupi, wakiwemo mbwa wetu wa kienyeji, kwa kawaida hufunikwa tena katika miezi 3 hadi 4. Wenye manyoya marefu huweza kuchukua hadi miezi 18. Poodle, ambaye nywele zake hukua mfululizo, hurudia hali yake mapema zaidi. Jamii za mbwa wenye manyoya mazito ya baridi, kama Husky, Malamute, Chow Chow na Pomeranian, huweza kukaa na kiraka kitupu miezi na miezi ilhali ngozi ni nzima kabisa na kidonda kilipona zamani. Mtu ambaye hakuelezwa hayo mapema ataamini kwamba mbwa wake ameharibiwa, na hatuwezi kumlaumu.

Manyoya mapya huweza kuja na rangi iliyokolea au iliyofifia kuliko ya mwanzo. Mara nyingi husawazika nywele zikibadilika tena. Penye kovu nene hakuna kinyweleo, kwa hiyo hapataota kitu.

Tunachokiogopa zaidi ni haraka ya wenye mbwa. Siku hizi vijana wengi wana chupa ya minoksidili ya kuoteshea ndevu, na ni rahisi mtu kufikiri kwamba kinachoota kidevuni kitaota na mgongoni mwa mbwa. Dawa hiyo ni sumu kwa mbwa na paka. Mbwa akiilamba, huweza kushusha shinikizo la damu na kudhuru moyo hadi kuua. Oili chafu na mafuta ya taa pia yasikaribie ngozi yake. Kinacholeta manyoya ni chakula, kwa sababu unywele umejengwa kwa protini, na ngozi na manyoya ya mbwa hutumia sehemu kubwa ya protini anayoipata. Mbwa wa ugali mtupu atabaki na kiraka muda mrefu kuliko mwenzake anayechanganyiwa dagaa, mayai au utumbo uliopikwa. Kama ngozi yake ni ya waridi, awe na kivuli mchana, maana jua litamuunguza.

Lakini kungoja kuna mwisho. Mbwa wa manyoya mafupi akipitisha miezi 6 bila kuota chochote, arudishwe kwa daktari. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikizembea, manyoya yaliyonyolewa hayarudi, na mbwa hunenepa na kuwa mvivu. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi na tumbo limeshuka, huenda mwili wake una homoni ya kortiso nyingi mno, wakati mwingine kwa sababu ya dawa za steroidi zilizotumiwa kwa muda mrefu. Ngozi ikitoa magamba au mabaka ya duara, lifikiriwe suala la upele na choa. Choa huambukiza watu, watoto kwanza.

Kwa hiyo tunawaomba madaktari wa mifugo watumie dakika mbili kabla ya kuwasha mashine. Mwambieni mwenye mbwa mtanyoa wapi na kwa nini, na manyoya yatarajiwe lini kwa mbwa wa aina yake. Yaandikeni hayo kwenye kadi yake, pamoja na tarehe ya kumrudisha kama hayajaota. Kwenye kadi hiyo hiyo andikeni chanjo ya kichaa cha mbwa ilitolewa lini, na kama mbwa aliyeuma hajulikani, aliyeumwa achanjwe tena siku hiyo hiyo. Na mwenye mbwa aliyekigusa kidonda kibichi kwa mikono yenye michubuko aioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.