Gairo Haihitaji Uwanja, Inahitaji Njia ya Kuufikia

Upo ugonjwa ulioenea miongoni mwa viongozi na wasomi wa nchi hii, nao ni ugonjwa wa kupima maendeleo kwa urefu wa lami ya kurukia ndege. Mji uliopata uwanja huhesabiwa kuwa umekwisha kuendelea. Wilaya isiyo nao hujiona yatima. Gairo, wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012 na iliyopo takriban katikati ya Morogoro na Dodoma, haina budi kujihadhari na kasumba hiyo. Tangu Oktoba 2022, jiwe la msingi la uwanja mkubwa wa Msalato lilipowekwa kaskazini mwa mji wa Dodoma, macho ya wengi yameelekea angani, na swali la mkulima aliye chini limesahauliwa.

Swali lenyewe ni hili: viwanja vya ndege vya kanda ya kati vimekuwa vikijengwa kwa ajili ya nani?

Januari 1932 shirika la Waingereza la Imperial Airways lilianzisha safari kutoka London hadi Cape Town. Baada ya Nairobi ndege zake zilitua Moshi, kisha Dodoma, kisha Mbeya, zikaendelea kusini. Yaani Dodoma ilikuwa na uwanja wa kimataifa kabla wananchi wake wengi hawajapata shule wala zahanati! Lakini ndege hizo hazikuja Dodoma kwa ajili ya Dodoma. Zilitua ili zipate mafuta na kupeleka barua za wakubwa kutoka ncha moja ya dola ya Kiingereza hadi nyingine. Mnamo 1937, ndege zinazotua majini zilipochukua safari hiyo, njia kuu ikahamia pwani, ikipitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Dodoma ikaachwa bila kuulizwa, kama ilivyoingizwa bila kuulizwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Gairo, nao ni mchungu zaidi. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, kuja kutafuta ardhi ya kulima karanga. Kwa muda wa wiki tisa wakaizunguka nchi, safari yao kwa sehemu kubwa ikiwa ya ndege. Wakashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, na Kongwa, jirani wa Gairo upande wa magharibi, ikawa ndiyo mwanzo wa kazi. Kutoka juu Kongwa ilionekana nchi tambarare, tupu, inayongoja trekta. Mgogo aliyeishi pale angaliweza kuwaeleza kwamba mvua ya mahali hapo haitegemeki, na kwamba udongo wake kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Lakini Mgogo huwezi kumwuliza kitu ukiwa ndani ya ndege. Mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36.

Huko ndiko kutazama nchi kutoka juu. Mkoloni ameondoka, ila tabia hiyo haikuondoka naye.

Haidaiwi hapa kwamba Dodoma haistahili uwanja bora. Mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ambao Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia kwa vitendo, hauwezi kutegemea daima uwanja mdogo uliobanwa na nyumba katikati ya mji. Msalato ulipangiwa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600 na jengo la kuhudumia abiria milioni 1.5 kwa mwaka, sehemu kubwa ya fedha zikiwa ni mikopo iliyopitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, zaidi ya dola milioni 270, iliyoidhinishwa Desemba 2019. Mkopo huo atalipa nani? Atalipa pia muuza viazi vitamu wa kando ya barabara kuu pale Gairo, kwa ushuru na kodi, hata kama hatapanda ndege maisha yake yote. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza.

Wapo watakaomjibu kwamba uwanja utamletea soko: mazao yataruka hadi Ulaya na Uarabuni. Maneno hayo ni matamu, nayo ni ya hatari. Kiazi kitamu hakipandi ndege. Nauli yake ingezidi bei yake. Mahindi na maharage ya Gairo soko lake ni Kibaigwa, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, na chombo chake ni lori. Kinachosafiri kwa ndege ni kitu chepesi, ghali na kinachoharibika upesi: maua, mboga teketeke, samaki wabichi, dawa. Na hata hivyo vyote havifuati lami. Kilimanjaro ina uwanja wenye njia ndefu kama hiyo ya Msalato tangu mwaka 1971. Hata hivyo kwa miaka mingi maua na mboga nyingi za Arusha na Kilimanjaro zimekuwa zikipakiwa kwenye malori kuvuka mpaka wa Namanga ili zikapande ndege Nairobi, kwa sababu huko ndiko ndege za mizigo ziliko nyingi. Juni 2023 Shirika la Ndege lilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Kupata ndege ni hatua. Kuijaza kila juma ni kazi nyingine, nayo huanzia shambani.

Wengine watasema: basi kila wilaya ipewe kiwanja chake kidogo. Hao hawajui uwanja huendeshwaje. Gari la zimamoto, waongoza ndege, wapima hali ya hewa na walinzi lazima wawepo hata kama ndege inayotua ni moja kwa juma, na ada ya ndege moja hailipi mishahara yao. Aidha, tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024, abiria wa Dar es Salaam hufika Morogoro chini ya saa mbili. Ni nani atakayengoja ndege?

Sasa watazamwe watu wa Nongwe, kwenye milima ya Ukaguru, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Gairo. Huko maharage hustawi. Huko pia mama mjamzito anayepatwa na uchungu usiku hutegemea barabara ya mlimani ambayo mvua ikishika hupitika kwa shida. Mkulima wa huko humwuzia mlanguzi kwa bei ya mlanguzi, maana gari la pili halitakuja. Kwa mtu huyu Msalato uko mbali si kwa sababu ya kilomita zilizopo kati ya Gairo na Dodoma, ambako lami ipo tangu zamani. Uko mbali kwa sababu ya zile chache za kushuka kutoka Nongwe.

Uwanja mkubwa una majiko ya kulisha abiria na wafanyakazi wake, una mahoteli yanayouzunguka, na vyote hula kila siku. Halmashauri ya Gairo na vyama vya ushirika wangefanya jambo la maana kwenda Dodoma kudai mkataba wa kuuza maharage, viazi na mboga huko, kabla wachuuzi wakubwa hawajaagiza vyakula vya makopo kutoka nje. Lakini mkataba huo hautatimizwa na mkulima aliyefungiwa na tope. Yanayotakiwa Nongwe ni katapila, changarawe na madaraja, na fedha zake zitoke mapema, kazi ikamilike kabla ya mvua za Desemba.